Nilitumwa na Swali, Nikaenda na Jibu

Mwanangu, kuna siku moja ya jua kali huko kwetu Ukambani, karibu na Kyuso, ambayo sijaisahau hata baada ya kuvuka bahari mara nyingi. Nilikuwa nimesimama juu ya mwamba, simu sikioni, nikicheka na mwizi. Nilicheka naye kwa muda mrefu, na kwa furaha ya kweli. Ndiyo maana nakuandikia.

Kwanza unijue. Mimi ni Kioko. Ukipita Kikima ukaona duka la vifaa vya ujenzi lenye milango ya kijani na ghorofa moja juu yake, hilo ni langu, na sikurithi hata msumari. Nilifanya kazi Uarabuni miaka kumi na minne. Niliingia nikiwa mbeba mizigo, nikatoka nikiwa msimamizi wa ghala, watu arobaini chini yangu. Na kabla ya hayo yote nilikuwa na diploma ya usimamizi wa ghala, ya kwanza kijijini kwetu. Iko ukutani hadi leo, ndani ya fremu. Nakwambia haya ili ujue kwamba aliyedanganywa hakuwa mjinga. Mjinga hudanganywa kwa jambo asilolijua. Mimi nilidanganywa kwa mambo niliyoyajua, tena niliyatoa mwenyewe mdomoni mwangu.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na sita. Simu za mkono zilikuwa zinaingia kwetu kwa mara ya kwanza, na katika kilima chote mwenye simu nilikuwa mimi. Mtandao haukufika nyumbani. Ilikuwa lazima upande mwamba ulio nyuma ya boma la mbuzi, usimame upande wa mashariki, na usigeuze kichwa. Watu walinitazama kutoka chini kama wanaotazama mnara. Sikuona vibaya kutazamwa. Hata ukutani kwa duka moja sokoni niliandika kwa rangi nyeupe: KIOKO, DIPLOMA, na chini yake namba yangu ya simu. Kazi sikuwa nimepata bado, lakini namba ilikuwa ikisomeka kutoka mbali.

Baba alikuwa amefariki. Tulikuwa mimi na mama. Dada yangu mkubwa, Mwende, alikuwa ameolewa kule Mbumbuni, upande wa Makueni, na mfanyabiashara wa nafaka aitwaye Mutua. Sasa hapa nisikilize vizuri, kwa sababu ninyi vijana wa mijini hamjui tena mambo haya. Kwetu, mama na mkwe wake wana nthoni kati yao, ile heshima ya ukweni yenye haya ndani yake. Hawashikani mikono. Hawaketi chumba kimoja. Wakikutana njiani mama huingia kando, kwenye vichaka, mkwe apite. Likiwepo neno la kuambiana, hupitia mdomo wa mtu mwingine. Mdomo huo ulikuwa wangu. Na simu ilipokuja, mama alikataa katakata kuiweka sikioni kama Mutua yuko upande wa pili. "Sauti ya mkwe ndani ya sikio langu," alisema, "si ni kama nimeketi naye kiti kimoja?"

Mwaka huo mvua ilikuwa imetukumbuka baada ya misimu miwili ya kutupita. Tulivuna ndengu magunia kumi na mawili. Kando ya magunia hayo mama aliweka vibuyu vitatu vikubwa vya mbegu. Mbegu hizo alizichagua kwa mkono, punje moja moja, jioni baada ya jioni, akazichanganya na majivu na kuziba midomo ya vibuyu kwa udongo. Zilikuwa mbegu alizozipata kwa mama yake, na mama yake kwa mama yake. Hukomaa mapema kabla jua halijazikausha. Ukame uliomaliza mbuzi wetu haukuzimaliza, kwa sababu mama alilala njaa vibuyu vikiwa kichwani pake.

Basi siku hiyo ya mwamba simu ililia. Namba sikuijua.

"Shemeji!" sauti ilisema, ikikatika katika upepo. "Yaani umenisahau kabisa?"

Mwanangu, pima maneno hayo. Hakutaja jina. Hakutaja mahali. Na ni mtu gani Ukambani asiye na shemeji? Lakini mtu mwenye diploma hapendi kuambiwa amesahau. Nikajibu kwa sauti ya kusikika hadi bomani: "Nikusahau vipi, Mutua? Mutua wa Mbumbuni!"

"Ndiye mimi huyo," akasema. "Simu yangu ilitumbukia kisimani. Natumia hii. Ile namba ya zamani iache, haiingii. Mama hajambo? Mvua iliwatendeaje huko?"

Nikamweleza. Nilimweleza magunia, nikamweleza jinsi madalali wa sokoni walivyotudharau kwa bei, nikamweleza hata vibuyu, nikivisifu kama niliyezaa mbegu mimi. Aliuliza kidogo, mimi nikajaza. Debe tupu haliachi kuvuma, na siku hiyo debe lilivuma kutoka juu ya mwamba. Mwishowe akasema amepata mnunuzi mkubwa, lori lake litapita Kyuso kesho mchana, na kama tunataka kuuza kwa bei ya watu, mzigo uwe tayari. Angetuletea pesa yeye mwenyewe akishamaliza kuuza. Na vibuyu vile viende pia, ili mnunuzi aone ubora.

Nilishuka mbio. Mama alikuwa amekaa kivulini mwa stoo akipepeta.

"Mwaitu," nikamwita, maana ndivyo tunavyowaita mama zetu, "Mutua ametuokoa."

Alisikiliza mpaka mwisho bila kusimamisha ungo. Kisha akauliza, "Ni Mutua?"

"Nimeongea naye mwenyewe."

"Sikuuliza kama umeongea. Nimeuliza kama ni yeye."

"Mwaitu, hiyo ni simu. Ni sayansi. Hewa haiwezi kusema uongo."

Aliweka ungo chini. "Siku ya ntheo," akasema, akimaanisha siku Mutua alipoleta mbuzi watatu wa kufunga uchumba, "mbuzi wa tatu alifikaje kwangu? Nenda ukamwulize hivyo. Hivyo hivyo. Kisha rudi uniambie alichosema."

Mwanangu, jibu la swali hilo walilijua watu wachache. Mbuzi wa tatu alilala chini kwenye mto wa mchanga, akakataa kusimama hata kwa kuvutwa masikio, na Mutua, akiwa na suti yake ya harusi ya kuazima, akambeba mabegani hadi mlangoni kwetu. Mbuzi alimkojolea mgongoni. Tulicheka mwezi mzima. Mama aliliweka jambo hilo kama watu wanavyoweka ufunguo, na siku hiyo aliutoa akanipa.

Nilipanda mwamba nikiona aibu. Nilijiambia: kweli mimi, msomi, nimwulize mtu mzima maswali ya mbuzi, kana kwamba ni mtuhumiwa? Nikaona nilainishe. Nikapiga simu, nikasema hivi, neno kwa neno, sijasahau hata moja: "Shemeji, mama anakutania. Anauliza kama bado unakumbuka ulivyombeba yule mbuzi wa ntheo mabegani, pale mtoni."

 Kisha kicheko kikubwa. "Ah, shemeji! Mwambie mama shingo inaniuma mpaka leo!"

Nikacheka. Akacheka. Hicho ndicho kile kicheko nilichokutajia.

Nikarudi kwa mama na kifua mbele. "Amejibu," nikasema. "Alimbeba mabegani. Na shingo bado inamwuma."

Mama alitulia. Uso wake ulilegea, nami nikaona nimeshinda. Kitu kimoja tu kilimkwama. "Magunia yaende," akasema. "Vibuyu vibaki. Mbegu haina mkwe wala mgeni."

Hapo ndipo nilipomhubiria. Nilimweleza juu ya sampuli na ubora na soko la nje, maneno yote niliyoyalipia karo. Nikamwambia kwamba mkwe akiomba kitu akanyimwa, aibu itakuwa ya Mwende kule alikoolewa. Neno hilo la mwisho ndilo lililomshika. Mama angeweza kushindana na diploma yangu, lakini hakuweza kushindana na nthoni. Aliingia stoo, akavitoa vibuyu kimoja kimoja, akavipangusa vumbi kwa leso yake.

Lori lilikuja mchana kama ilivyoahidiwa. Dereva alikuwa mtu mpole, na utingo wake alikuwa na nguvu za punda. "Tumetumwa na Mutua wa Mbumbuni," dereva alisema, akinirudishia jina nililolitoa mwenyewe jana yake. Mama aliwachinjia kuku. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyofunzwa. Walikula, wakashukuru, wakatia mafuta ya kuku kwenye hati niliyowaandalia kwa nakala mbili, yenye namba ya lori na sahihi. Vibuyu vilikuwa vya mwisho kupanda. Mama alimwomba utingo asiviweke chini ya magunia.

Siku nne baadaye mtu alisimama nje ya lango. Alisimama mbali kidogo, mgongo ameugeuzia nyumba, kama mkwe yeyote anayejua adabu. Nikatoka. Alikuwa Mutua, ameshika sukari na majani ya chai ndani ya karatasi ya gazeti.

"Shemeji, habari za siku nyingi," akasema. "Nimesikia huku mmevuna vizuri. Nikaona nisitume mtu, nije mwenyewe, niulize kama mama atapenda kuniuzia."

 Nikashika mwimo wa lango.

"Kwani vipi? Kuna msiba?"

"Shemeji," nikasema, "simu yako haikutumbukia kisimani?"

Aliitoa mfukoni akaitazama. "Hii? Ingetumbukia ningeingia nayo."

Nikamweleza. Hakunikatiza. Nilipofika kwenye mbuzi, akanyoosha mkono. "Ngoja. Mbuzi huyo alimjuaje?"

"Nilimwuliza, akajibu."

"Ulimwuliza vipi? Rudia maneno yako."

Nikayarudia. Nilipofika pale penye "mabegani, pale mtoni", nikajisikia mwenyewe kwa mara ya kwanza.  Mutua hakunitukana. Alitazama chini, akachora mstari kwenye vumbi kwa kiatu chake, akasema polepole, "Basi hata mbuzi yule angejibu vizuri kuliko huyo mwizi. Wewe ulimwachia nini cha kujibu?"

Sikujua kwamba mama alikuwa nyuma ya ukuta wa stoo, na kwamba alikuwa amesikia yote. Alitoka akiwa amejitanda leso kichwani. Akasimama hatua chache kutoka kwetu, akampa Mutua mgongo, uso wake ukitazama kilima. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona kwetu wala kwa jirani.

"Mutua," akaita.

Mkwe wake aliinua kichwa kama aliyepigwa jiwe. "Naam, mama," akajibu, naye akageuka, akatazama upande wake. Wakawa wamesimama hivyo, migongo ikielekeana, na mimi katikati nikiwa sina kazi.

"Kuanzia leo neno lako nitalisikia mwenyewe. Macho yana haya yake, na tutayalinda. Lakini masikio yangu sitayafunga tena, kwa sababu mdomo niliouamini umenimaliza." Akakaza leso yake kichwani. "Kioko nilimtuma na swali. Akaenda na jibu."

Hakusema zaidi, siku hiyo wala miaka iliyofuata. Angenipiga fimbo ningekuwa nimesahau.

Miezi mitatu baadaye, nilipokubali kuitoa ile hati, tulikwenda kituoni tukaandikisha taarifa. Namba ya lori niliyoiandika kwa hati nzuri ilikuwa namba ya trekta la mtu asiyetujua. Ile namba ya simu haikuingia tena. Mama alifagia sakafu ya stoo, akapepeta vumbi, akapata punje za mbegu zilizodondoka alipokuwa akijaza vibuyu. Zilitosha kikombe kimoja. Mvua ya mwezi wa kumi ilipokuja, shamba letu kubwa tulipanda mbegu ya sokoni, ile ya watu wote, ikakauka kabla ya kufunga maua. Kikombe kile mama alikipanda nyuma ya nyumba, akakimwagilia maji ya kuogea. Ilimchukua misimu sita kujaza kibuyu kimoja. Misimu hiyo mimi sikuiona. Nilikuwa nimeondoka kutafuta kazi ya kubeba mizigo, kwa sababu niliona heri nibebe mizigo ya Waarabu kuliko kutazama mama akimwagilia punje.

Hayo ni ya zamani. Sikiliza ya juzi.

Mama sasa amepita miaka themanini. Nimemjengea nyumba ya mawe ya kuchonga, na mtandao unafika hadi jikoni. Mwaka huu, mimi nikiwa dukani Kikima, simu yake ililia. Mtu akamwambia ni Kioko, amepata ajali, yuko hospitalini, daktari anataka pesa sasa hivi. Mama aliponisimulia alisema, "Ilikuwa sauti yako. Hata kule kukohoa kwako katikati ya maneno." Naamini. Siku hizi sauti ya mtu huibwa kama kuku, ikaigwa kwa mashine, na mimi nimeongea sana redioni na kwenye harusi za watu. Si vigumu kuipata.

Mama hakupiga kelele. Aliuliza swali moja. "Kama wewe ni Kioko, nilikutuma na nini, ukaenda na nini?"

Kisha akanyamaza. Hakusaidia. Hakutaja mbuzi, hakutaja mwamba. Sauti ikasema, "Mama, hakuna wakati wa maswali, nakufa huku." Mama akaendelea kunyamaza. Sauti ikasema, "Mama, mbona unanitesa?" Mama bado kimya. Mwishowe akasema, "Wewe si wangu. Wangu angeona haya kwanza." Akakata, akampigia Mutua kwa mkono wake mwenyewe, maana sauti yangu siku hiyo hakuiamini, akamwuliza kama nimeonekana mzima. Mutua akanipigia dukani. Nilikuwa nauza mabati.

Mwanangu, nimesoma, nimesafiri, nimeajiri watu wenye digrii. Sijaona mtihani uliopangwa vizuri kuliko ule wa mama, na mimi ndiye niliyeuharibu mara ya kwanza.

Sasa chukua ushauri wangu. Atakupigia mtu akisema yeye ni wa benki, au wa ofisi ya chifu, au ni mwalimu na mtoto ameanguka shuleni, au ni wakala wa kazi ya ng'ambo na jina lako limetoka. Mwache ajitaje mwenyewe. Usimkisie. Jina, mahali, chuo ulichosoma, watoto ulio nao, hayo ni mali yako. Asiyekuwa nayo usimkopeshe. Ukimwuliza jambo, liulize likiwa tupu, kisha funga mdomo. Kimya kitakuchoma, na utataka kukijaza kwa sababu ya adabu au kwa kutaka kuonekana unajua. Vumilia. Mtu wa kweli atakijaza. Mwongo atakuletea haraka, au machozi, au hasira. Akikwambia namba ya zamani uiache, hiyo hiyo ndiyo uipige. Na kama kuna haya inayokuzuia kuuliza, iwe ya ukweni, ya cheo au ya elimu, jua kwamba tapeli anaijua haya hiyo kuliko wewe, na ndiyo kichaka anachojifichia. Kuuliza si utovu wa heshima. Mama yangu alimwita mkwe wake kwa jina akiwa amempa mgongo, na heshima yao haikupungua hata kidogo. Mutua ndiye aliyemwelekeza alipokuwa akijifunza kubonyeza simu, akitazama pembeni.

Ukidanganywa, sema mapema. Mimi niliandika hati nzuri, nikaificha miezi mitatu ili watu wasinicheke. Walicheka baadaye, tena zaidi.

Kibuyu kipo hadi leo. Kila nikienda Kyuso mama hunipa konzi moja ya ndengu zile nipande Kikima, ambako udongo hauzipendi, nami nazipanda. Hanipi mbili.

Mungu akupe mvua kwa wakati wake na mbegu ya kuipokea. Akupe mtu wa kukuuliza swali gumu, na akupe nguvu ya kunyamaza ukishauliza lako. Nenda salama, na namba yako usiiandike ukutani.